Kurasa Kumi na Moja za Mama Vidole

Mama Vidole hakupewa jina hilo kwa urembo. Vidole vyake ni vifupi, vinene, na kimoja cha mkono wa kushoto kilibanwa na mlango utotoni kikabaki kimepinda. Lakini akiviweka juu ya kompyuta, mtu anaweza kuongea kwa hasira, kwa kilio, kwa kigugumizi, na yeye asiachwe nyuma hata neno moja. Ndiye mpiga chapa wa mahakama yetu, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa. Mimi ni karani wa masjala, yaani mlinzi wa mafaili, na meza zetu zinatazamana. Miaka yote hiyo nimemwona akiwa na visikilizio masikioni, akisikiliza mambo ambayo mtu mwingine angekimbia, na uso wake haubadiliki. Siku moja nilimuuliza anawezaje. Alisema maneno yanaingia masikioni na kutokea vidoleni bila kupita moyoni, kwa sababu yakipita moyoni vidole vinakosea.

Ana masharti yake. Chai hainywewi karibu na mashine. Mtu hasomi nyuma ya bega lake. Na mlango ukifunguliwa, awe nani, awe jaji mwenyewe, kifuniko cha kompyuta kinashushwa papo hapo. Hilo alifundishwa wiki ya kwanza ya kazi na mama aliyemtangulia, naye hakuliacha tena. Vijana wa ofisi humtania kwamba hata nyumbani mumewe akipiga hodi yeye anafunika sufuria. Mimi sikuwahi kumtania kwa hilo. Mtu wa masjala anajua thamani ya kufunika.

Nimelieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Tulikuwa na kesi ya mauaji. Baba mmoja alishtakiwa kwa kumuua mkewe, na mtu pekee aliyekuwa ndani ya nyumba wakati huo ni binti yao, mtoto wa miaka tisa. Siwezi kusema mengi, na hata hayo machache nayasema kwa sababu kesi imekwisha. Mtoto alitoa ushahidi siku ya Alhamisi, faragha, pazia likiwa limewekwa kati yake na baba yake. Mimi nilikaa nje nikilinda mlango. Bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akimlea, alikuwa amekataa katakata kumleta mpaka jaji akamwahidi mtoto yule kwa kinywa chake mwenyewe kwamba atasema mara moja tu, halafu hakuna atakayemuuliza tena.

Jaji alitoa amri nyingine pia. Sauti ya mtoto isije ikazagaa, kwa hiyo kinasa sauti kifutwe jioni ileile, mara tu maneno yatakapokuwa yamepigwa chapa. Mama Vidole akafanya alivyoagizwa. Alipiga kurasa ishirini na tano, akazirudia akizilinganisha na sauti, akaridhika, akafuta. Kuzitoa kwenye karatasi hakuweza, kwani wino wa printa ulikwisha na ombi letu la wino lilikuwa wiki ya tatu likizunguka kutafuta sahihi. Kuziweka kwenye flashi hakuruhusiwa. Flashi zilipigwa marufuku tangu mwaka ule ilipookotwa moja kwenye mgahawa ikiwa na kesi nzima ya watu ndani yake. Basi maneno ya mtoto yule yakawa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta ile nyeusi yenye kona iliyovunjika. Mimi nimesema miaka yote kwamba karatasi haina betri. Nani anamsikiliza mzee wa masjala?

Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya agizo la makao makuu. Kila kompyuta iwekewe mfumo mpya kabla ya saa sita mchana, na isiyowekewa itafungiwa nje ya mtandao wa mahakama. Mama Vidole akabonyeza palipoandikwa kubali, akakunja mikono. Kioo kikawa cha bluu, na hesabu ikaanza kupanda kwa asilimia. Mimi nilitoka kwenda kumchukua mtu aliyetumwa na ofisi ya wakili kuchukua nakala ya hati fulani. Tuliporudi, nikasukuma mlango kwa kiwiko kama kawaida yangu. Mashine ilikuwa imefika sitini na mbili.

Kifuniko kikashuka.

Alikifungua mara moja, akijua alichofanya, lakini kioo kilikuwa cheusi. Kile kitaa kidogo cha pembeni kilikuwa kinapepesa polepole, basi. Mjumbe wa wakili alichukua hati yake akaenda zake. Tukabaki wawili tunatazama weusi ule.

Sasa niseme kosa langu. Kuhusu kompyuta najua jambo moja tu, na jambo hilo ni kuzima na kuwasha. Nikamwambia azime, awashe. Akanisikiliza. Mashine ikawaka, ikaandika kwamba inarudisha mabadiliko na isizimwe, ikakaa hivyo robo saa, ikajizima, ikawaka tena, ikaandika yaleyale. Nikamwambia, zima tena. Tukafanya hivyo mara tisa. Nilihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu. Kila mara nilijiona mtu wa msaada.

Alipompigia simu ofisa wa mitambo wa makao makuu, yule bwana hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimwambia ailete wiki ijayo, wataifuta yote waiweke upya. Mama Vidole akamuuliza kama kufuta ni kufuta kila kitu. Akajibiwa kwamba ndiyo, na kwamba kila mtumishi anatakiwa kuwa na nakala. Alishukuru kwa adabu, akaweka simu mezani, na hapo ndipo nikaona uso wake umebadilika kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Midomo ilikuwa imekauka. Alisema kwa sauti ya chini kabisa:

“Kaka, watamrudisha yule mtoto.”

Nilielewa. Ushahidi ukikosekana kwenye kumbukumbu ni kama haukusemwa. Jumatatu saa tatu kumbukumbu zilitakiwa mezani kwa jaji. Zisipokuwepo, mtoto wa watu ataitwa, atakalishwa tena kwenye kile kiti, na atasema upya mbele ya baba yake yale aliyoahidiwa kwamba atayasema mara moja. Nilitaka kumwambia Mama Vidole aende kwa jaji saa ileile. Sikusema. Nilimwogopa jaji, naye alimwogopa, na woga wa watu wawili ukikaa chumba kimoja hautoi shauri jema.

Alikuwa na shemeji, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta. Kuitoa mashine ya mahakama nje ya jengo ni kosa la kufukuzisha mtu kazi. Niliitoa mimi, ndani ya boksi la mafaili yaliyofungwa, nikamsalimu askari wa getini na kumuulizia goti lake linalomsumbua. Askari akaanza kunieleza habari za goti. Boksi lilikuwa linanichoma mikono, na mtu yule akanieleza habari za goti lake mpaka dawa aliyopewa na muda wa kuinywa.

Karakana ya shemeji ni chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Rafu zimejaa kompyuta za watu, kila moja imebandikwa karatasi yenye malalamiko ya mwenyewe: haiwaki, inawaka haisikii, mtoto kaimwagia maziwa. Shemeji ni mtu wa utani. Alipomwona tu mke wa kaka yake amesimama mlangoni alimuuliza kama kaka yake amemfukuza hatimaye, maana yeye alishamwandalia chumba. Siku nyingine angejibiwa jibu la kumfunga mdomo wiki nzima. Siku hiyo Mama Vidole aliweka boksi mezani, akasema, “Nisaidie, shemeji.” Utani ukaisha hapohapo.

Aliiwasha, akasoma kioo, akaizima. Akajaribu kuiwasha kwa ile njia ya hali salama, ambayo huamsha vitu vichache tu, ikakataa. Akauliza imezimwa kwa nguvu mara ngapi. Mama Vidole alinitazama. Nikasema mara tisa.

“Mzee wangu,” akasema shemeji, “mgonjwa akizimia unamlaza. Humpigi makofi tisa.”

Hakusema kwa ubaya, ila maneno yale nimeyabeba mpaka leo. Alitueleza kwamba mashine ikikatwa katikati ya kazi, ikiwaka hujaribu kujitibu yenyewe, na kila ikijitibu inakata inachodhani kimeoza. Huenda imekata kidogo, huenda imekata sana. Hatuwezi kujua mpaka tutazame, na hatutazami kabla hajatoa nakala ya diski nzima kama ilivyo, nzuri na mbovu. Alisema yeye hafanyii kazi kitu chenyewe hata siku moja, hufanyia nakala yake. Nilimpenda kwa neno hilo, kwa sababu masjala nasi tuna sheria hiyohiyo.

Akafungua skrubu kumi na moja, akazipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa jinsi zilivyokaa. Akachomoa diski, kitu chembamba kisichozidi kiganja, nikashangaa kwamba maisha ya watu yanakaa ndani ya kitu kama hicho. Akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake. Tukangoja sekunde kadhaa ambazo sitaki kuzikumbuka, kisha ikaonekana. Mama Vidole aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nakala ilianza, na asilimia zikaanza kupanda tena. Saa tatu nzima tulikaa tukitazama tarakimu. Kwenye thelathini ikasimama dakika nane, shemeji akasema hapo kuna kidonda, ikapita. Ilipofika sitini na mbili sote tuliinamia kioo. Na wakati huohuo, kama mtu aliyetumwa na adui, mwenye duka la vioo akasukuma mlango kuomba futi ya kupimia.

Mkono wa Mama Vidole ukaruka kuelekea kwenye kifuniko cha ile kompyuta ya shemeji. Hakuuamrisha yeye, mkono ulikwenda wenyewe. Shemeji aliudaka kiwikoni ukiwa umebaki upana wa vidole viwili, akaushikilia, akamwambia jirani futi ipo juu ya rafu. Jirani alichukua futi akatoka akitushangaa, watu wazima watatu mbele ya kompyuta moja, wawili wameshikana mikono. Mama Vidole akaanza kulia. Alilia bila sauti, machozi tu, na mkono wake alimwachia shemeji aushike mpaka nakala ilipofika mia.

Kisha ukaja ugomvi mdogo. Shemeji alitaka kufungua faili aone kama ni zima. Mama Vidole akakataa, alikula kiapo, hakuna jicho jingine linaloruhusiwa. Shemeji akasema fundi hawezi kutibu asichokiona. Mwisho wakakubaliana. Shemeji aligeukia ukutani, mimi nikageukia mlango, naye akajifunika mtandio wake kichwani pamoja na kioo. Tukamsikia akibonyeza. Alisema siku ya kwanza ya kesi ipo. Siku ya pili ipo. Ya tatu ipo. Halafu akafungua siku ya nne, siku ya mtoto.

Alisoma muda mrefu. Alipotoa kichwa alisema zipo kurasa kumi na nne. Ya kumi na nne imekatika katikati ya sentensi, na baada yake ni vijisanduku na alama za kuuliza, kurasa kumi na moja. Shemeji aliomba ruhusa ya kutafuta vipande bila kusoma, akapewa. Alipitisha programu moja, akapitisha nyingine, akatafuta kwenye mabaki ya mfumo wa zamani na kwenye yaliyofutwa. Alipata vipande vya kesi za mwaka juzi. Vya mtoto hakupata. Jioni ile alimwambia kweli, na namheshimu kwa hilo, kwamba kilichokatwa kimeandikwa juu yake kitu kingine, na maji yakishamwagika hayazoleki.

Kurasa zilizopotea ndizo zile wakili wa utetezi alipomhoji mtoto. Ndizo zilizokuwa na uzito kuliko zote.

Jumamosi ofisi imefungwa, lakini funguo za masjala ninazo mimi. Mama Vidole alinikuta nimeshafika. Aliniomba taipureta yangu ya zamani, ile niliyokataa isiende mnadani, akaiweka mezani akasema ataandika anachokikumbuka, halafu ndipo ataamua. Akaanza. Niliketi upande wangu nikisikia zile nyundo zikigonga. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kusita, kana kwamba visikilizio vilikuwa bado masikioni. Miaka kumi na tisa alikuwa akidai maneno hayamkai moyoni. Yalikuwa yamekaa yote.

Nikaanza kupata matumaini, na matumaini yale yalikuwa machafu. Nilijua akimaliza kurasa hizi, zikiingizwa kwenye mashine, zikitiwa muhuri, hakuna atakayejua. Jaji aliacha kuandika kwa mkono tangu kompyuta zije. Kinasa sauti kimefutwa kwa amri yake mwenyewe. Mtoto atalala nyumbani kwa bibi yake, sisi tutabaki na kazi zetu, na shemeji ana mdomo mzito akitaka.

Kwenye ukurasa wa tisa taipureta ikanyamaza.

Nilingoja. Nikaenda. Alikuwa ameinamia karatasi, kidole kile kilichopinda kikiwa hewani. Alisema wakili alimuuliza mtoto kama taa ya chumbani ilikuwa inawaka au imezimwa. Anakumbuka swali. Anakumbuka mtoto alivuta pumzi. Anakumbuka maneno mawili yote, inawaka na imezimwa, yalisemwa na mtoto, lakini ni lipi lilikuwa jibu na lipi lilisemwa kwa namna nyingine, hajui. Alikuwa amejaribu kuviachia vidole viandike vyenyewe, na vidole navyo havijui. Aliniuliza kama nilisikia chochote kutoka nje ya mlango. Sikusikia. Mlango ule ni mnene.

Hapo mimi nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mke wangu kwamba nililisema. “Andika ilikuwa inawaka, dada. Nani atakuja kuuliza?”

Hakunikasirikia. Nadhani alikuwa ameshajiambia hivyo yeye mwenyewe mara nyingi kabla yangu. “Kaka,” akasema, “kama ilikuwa inawaka, alimwona baba yake. Kama ilikuwa imezimwa, hakumwona. Kuna mtu atanyongwa au ataachiwa kwa taa hii.”

Alizitoa zile karatasi, akazikunja, akazitia kwenye bahasha, akaandika juu yake kwamba ni kumbukumbu za kichwani, si kumbukumbu za mahakama. Nilimwona anaogopa namna ambayo sijaona mtu akiogopa kwenye jengo lile, na pale nimeona watu wakisomewa vifungo vya maisha.

Jumatatu saa mbili alikwenda kwa jaji, na safari hii nilikwenda naye, kwa sababu tisa ni hesabu yangu. Tulisema yote, kifuniko, kuzima na kuwasha, boksi, karakana, na ile bahasha. Jaji alisikiliza bila kutukatiza, jambo ambalo ni baya kuliko kufokewa. Kila mmoja wetu aliagizwa kuleta maelezo ya maandishi ndani ya siku saba. Mawakili wakaitwa. Wa utetezi alitaka ushahidi wote urudiwe tangu mwanzo, yule wa serikali hakutaka urudiwe kabisa, na jaji akaamua mtoto aanzie pale ukurasa wa kumi na nne ulipokatika, basi. Kisha akanigeukia akasema safari hii kutakuwa na mashine na kalamu, na kalamu nitaishika mimi.

Walikuja Jumatano. Bibi alikaa kwenye benchi la koridoni, mtoto pembeni yake akiwa na sweta lililofungwa vifungo mpaka juu. Mama Vidole angeweza kupita mlango wa nyuma, lakini hakupita huko. Alikwenda mpaka pale benchi lilipo, akainama.

“Shikamoo, bibi. Ni mimi niliyeyapoteza.”

Bibi hakuitikia. Tangu nizaliwe sijaona mtu mzima akinyimwa marahaba hadharani. Bibi alimtazama tu, akasema walimwahidi mtoto mara moja, na kwamba tangu aambiwe anarudi huku hajala. Mama Vidole alibaki ameinama mpaka nilipomgusa bega.

Ndani, pazia lilikuwa limewekwa. Chini yake vilionekana viatu vya mshtakiwa, jozi moja ya viatu vyeusi iliyotulia kabisa. Mtoto alipanda kitini, miguu haikufika sakafuni, na bibi yake akaruhusiwa kukaa karibu naye. Wakili wa utetezi akasoma sentensi iliyokatika, akamwomba aendelee kutoka hapo. Mtoto hakuendelea. Alikuwa anatafuta kitu chumbani kwa macho, mpaka alipofika kwa Mama Vidole, akamuuliza bibi yake kwa sauti ndogo kama ndiye huyo. Bibi akatikisa kichwa kukubali.

Akaanza. Alisema sentensi moja, akanyamaza, akamtazama Mama Vidole.

“Umeandika?”

Mpiga chapa hasemi mahakamani. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kutoa sauti kikao kikiendelea, hata kupiga chafya hutoka nje. Alimtazama jaji. Jaji akainamisha kichwa.

“Nimeandika, mwanangu.”

Akasema nyingine, akangoja, akauliza, akajibiwa. Ndivyo alivyokwenda, sentensi kwa sentensi, polepole kama mwalimu anayesomea imla darasa la watoto wazito, na hakuna mtu aliyethubutu kumharakisha, hata wakili. Nilikuwa nalijua swali moja tu, lile la taa, nikayaandika mengine moja baada ya jingine nikilingoja, na lilipofika lile nikatamani kuziba masikio.

Wakili akauliza kama taa ya chumbani ilikuwa inawaka au imezimwa.

“Ilikuwa imezimwa,” akasema mtoto. “Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Halafu mama akaniita. Nikaiwasha mimi. Ilipokuwa inawaka ndiyo nikamwona baba.”

Chini ya pazia viatu vilisogea. Mama Vidole alikuwa amefumba macho, machozi yakimdondokea mikononi, na vidole vinakwenda, havikosei. Alipofika mwisho wa sentensi aliyafungua.

“Nimeandika, mwanangu.”

Mtoto akageuka kwangu. Nilitazama karatasi yangu. Kalamu ilikuwa imesimama kwenye imezimwa, na mkono wangu haukutaka kwenda. Lile neno nililomwambia Mama Vidole aliandike Jumamosi, “inawaka”, lingeingia peke yake kwenye kumbukumbu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua ni nani aliyeiwasha taa ile.

“Na babu?” akauliza. “Yeye bado?”

“Bado,” nikasema.

Akaweka mikono yake mapajani. Nikainama nikaanza kuandika, na yule mtoto akaningoja.